Tumefunga au Tumefungwa

Uwanja wetu ulikuwa bondeni na kiwanda cha chai kilikuwa kilimani. Baba na wenzake waliuchimba kwa majembe baada ya zamu, miaka ile kiwanda kilipokuwa mali ya umma na kila kiwanda kilitakiwa kiwe na timu yake. Sehemu yenye usawa haikupatikana kwingine, kwa hiyo walishuka hadi karibu na kijito, wakang'oa magugu, wakapiga chokaa. Mpira ukitoka upande wa mashariki ulizama majini, na mtu alilazimika kuufuata huku amekunja suruali. Ukitoka upande wa magharibi uliingia kwenye chai na wachuma chai wakaurudisha kwa kuupiga teke wenyewe, akina mama wazima, vikapu mgongoni.

Nimeishi sehemu nyingi tangu hapo. Nimepakia mchele Kyela, nimelinda ghala Makambako, nimeuza viatu vya mitumba Tunduma, nimekaa Morogoro miaka mitatu bila kujua nilikuwa nasubiri nini. Kila nilikofika nilitafuta uwanja kabla sijatafuta chumba. Na kila mahali nilijikuta nimependa timu iliyo karibu kushuka daraja. Sikuzichagua kwa makusudi. Nilikuwa nasimama tu pembeni siku ya kwanza, nawatazama wanavyofungwa, na Jumamosi inayofuata narudi.

Watu huniuliza raha iko wapi. Huwa nawaambia iko kabla ya filimbi. Kuna dakika moja hivi, timu zimeshajipanga, mwamuzi anaangalia saa yake, muuza mahindi ya kuchoma ameacha kupepea jiko ili naye aone, na hakuna aliyeshindwa bado. Dakika hiyo nimeipata mara nyingi maishani, na sijachoka nayo. Zinazofuata ndizo zimenichosha.

Mechi ninayotaka kuieleza niliiona vipande tu, kwa sababu ya ukungu.

Kwetu Rungwe ukungu hushuka kutoka mlimani kuanzia saa tisa alasiri, na msimu wa masika hushuka mapema zaidi, mtu yuko mezani bado. Mwamuzi angesema asubiri uondoke, ligi isingeisha mpaka leo. Walicheza humo humo. Nimewahi kuona mshika kibendera akipunga kibendera chake kwa dakika nzima na hakuna aliyekiona, hata mwamuzi.

Mechi zilianza saa kumi, na saa kumi kiwandani palikuwa na kazi. Zamu ya jioni ilikuwa imeingia, na wachuma chai walikuwa wamepanga foleni kwenye kibanda cha kupimia majani, kule juu. Hawakuweza kushuka bondeni. Lakini timu ilikuwa yao, mabeki walikuwa mafundi wao na kipa alikuwa fundi bomba wa kambi, kwa hiyo tangu zamani ulikuwepo utaratibu tulioufahamu kwa jina la pasi ya mdomo. Mtu wa kwanza alisimama pembeni mwa uwanja, naye alikuwa dereva wa trekta. Akiona jambo alimpigia kelele mtu wa pili, aliyesimama kwenye kona ya njia inayopanda katikati ya chai. Wa pili alimpelekea wa tatu, aliyekaa juu ya jiwe kubwa karibu na kilele. Wa tatu alilirusha kibandani, ambako watu wote walikuwa wanangoja. Wengine hawakuruhusiwa kufungua mdomo, maana kelele zikichanganyika hakuna kinachofika.

Maneno yalikuwa mafupi. Kona yetu. Kona yao. Kipa kadaka. Bado bila bila. Na yalikuwepo maneno mawili makubwa, tumefunga na tumefungwa. Yametofautiana kwa herufi moja, na herufi yenyewe haina nguvu. Ni midomo tu inajikusanya kidogo kabla ya kufunguka.

Mtu wa tatu, wa kwenye jiwe, alikuwa baba yangu. Alishika nafasi hiyo miaka mingi kwa sababu ya sauti yake. Alifanya kazi chumba cha mashine za kusaga majani, na mtu anayetaka kuazima spana mle ndani lazima awe na sauti ya kuipita mitambo. Baba akisema kitu kwenye jiwe, walimsikia hata wanaoosha vyombo kambini.

Mashine zilizompa sauti zilimchukulia masikio. Nyumbani tulijua. Mama alimgusa mkono kwanza, akasubiri ageuke, ndipo akasema alichotaka. Baba alisoma midomo. Kinyakyusa alikisoma vizuri kuliko Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichonyonya, lakini na Kiswahili alikuwa amekimudu ikiwa mtu amemkabili usoni. Kanisani aliimba nyuma ya wenzake kwa nusu neno, macho kwenye mdomo wa kiongozi wa kwaya. Watu wasiojua walimsifu. Walisema yule mzee ukizungumza naye hakatizi, anakutazama, ni msikilizaji mzuri kuliko wote kambini.

Nilipomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila kazi, mama ndiye aliyefanya mpango niwe mtu wa pili. Mtu wa pili wa zamani alikuwa amehamia Lupepo kulima. Mama aliniita jikoni akanieleza kwa sauti ya chini, ingawa baba alikuwa uani na asingesikia hata kama angepigiwa kelele.

"Usisimame kwenye kona," aliniambia. "Panda mpaka anapouona mdomo wako. Dereva ana sauti, atakufikia hapo hapo."

Nikafanya hivyo. Nilisimama hatua kama kumi chini ya jiwe. Nilijifunza kulisema tumefungwa kwa kuichomoza midomo kama mtu anayepuliza moto uliogoma. Na baba alipolipokea aliniinamishia kichwa kidogo, ishara kwamba limefika, kabla ya kugeuka na kulirusha juu. Misimu miwili tulifanya hivyo, mvua na jua, na hakuna aliyegundua.

Halafu ilikuja miaka ya ruksa, ikatufikia na sisi. Madukani Tukuyu vilijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa waliosafiri. Vijana wakavaa jezi za timu za Ulaya ambazo hawajawahi kuziona zikicheza. Na kiwanda kikauzwa. Mwenyewe mpya hatukumwona; tuliona pikapu nyeupe, na tulimwona afisa utumishi aliyekuja nayo, kijana mwenye adabu na faili la bluu. Baada ya mwezi ikabandikwa orodha ya kwanza ya waliopunguzwa, kwenye ukuta wa kibanda cha kupimia majani. Walianza na wagonjwa. Mtu wa kikohozi, mtu wa jicho moja, mpishi wa kantini aliyekuwa na mguu uliovimba. Afisa utumishi aliwaambia kwa upole waende wakapumzike.

Akasema orodha ya pili itatoka ligi ikiisha, na safari hii ataangalia chumba cha mashine. Kule ndani, alisema, anataka watu wanaosikia mkanda ukianza kulia kabla haujakatika. Timu nayo akaitolea maneno yake. Ikibaki kwenye ligi ya mkoa itaendelea kupewa lori na jezi. Ikishuka, uwanja utapandwa chai.

Kambi nzima ikaanza kuihofia timu. Nyumbani kwetu tuliihofia vilevile, lakini usingizi ulitukimbia kwa ajili ya masikio. Baba alikuwa amebakiza miaka michache astaafu kwa heshima. Mama akaanza kumfanyisha mazoezi. Aligonga sufuria nyuma yake, na baba alitakiwa kugeuka. Mara nyingi hakugeuka. Siku moja aligeuka kwa sababu aliona paka amekimbia, mama akacheka mpaka akakaa chini, kisha nikaona kwamba hacheki tena.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani, na timu kutoka Mbeya mjini. Sare ilitutosha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na ilipokatika ukungu ukashuka mzito ambao hata kwetu ni wa kuhesabika. Kutoka mahali pangu niliweza kumwona baba kwenye jiwe, kofia yake na koti la mvua, lakini chini sikuona kitu. Nilisikia mpira ukigongwa, nikasikia watu wakiitana, na sauti ya dereva ikija kama inatoka ndani ya pipa. Bado bila bila. Nikamwinulia baba midomo. Kipa kadaka. Bado bila bila. Juu kibandani walikuwa kimya, mamia ya watu na vikapu vyao, na afisa utumishi na faili lake.

Ikafika dakika za mwisho. Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalificha kwa kuwa limenichukua muda mrefu kulitaja.

Nilitaka kuona. Hakuna sababu nyingine. Msimu mzima nilikuwa nimeusikiliza kwa mdomo wa mtu mwingine na kuupeleka kwa mtu mwingine, timu yangu ilikuwa inakaribia kuokoka au kufa, na nilikuwa nimewekwa mahali pasipoonekana chochote. Nilimtazama baba. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikamwonyesha kidole, subiri kidogo, nikashuka. Hatua kumi, hatua ishirini, nikaipita kona, nikafika mahali ambapo ukungu ulikuwa umepasuka kidogo na goli letu linaonekana.

Kwa hiyo nililiona. Mshambuliaji wao alipiga kutoka ndani ya ukungu, mpira ukatokea ghafla kama kitu kilichoanguka, kipa wetu akautazama unavyompita. Uligonga nguzo kwa ndani. Wavu wetu ulikuwa na tundu upande ule, ukapitia hapo, ukaenda kijitoni. Mwamuzi akapuliza goli, mpira ukaletwa unachuruzika maji, ukaguswa mara moja katikati, akapuliza mwisho.

Nilijua kazi yangu. Niligeuka nikaanza kupanda huku napiga kelele, tumefungwa, tumefungwa, na nilivyopanda utelezi ukanivuta chini. Juu nilikuwa naona weupe tu. Nikapiga kelele tena kwa nguvu zote, midomo imechomoza, nikimchomozea nani sijui. Kisha nikasikia sauti ya baba, ile sauti kubwa ya chumba cha mashine, ikitoka ndani ya ukungu kwenda kilimani.

"Tumefunga."

Nilisimama. Bila mdomo wa kusoma, alikuwa amekisia. Nadhani nilikuwa na muda wa pumzi mbili. Kisha mlinzi wa kiwanda akafungulia king'ora, kile cha kubadilisha zamu, akakiachia kilie bila kukata.

Nilipofika juu walikuwa wanacheza. Akina mama walikuwa wamegeuza vikapu wanavipiga kama ngoma. Watu wa zamu ya jioni walikuwa wametoka na aproni zao, mashine zinazunguka zenyewe ndani. Afisa utumishi alikuwa anapeana mikono na kila mtu. Baba walikuwa wamembeba. Alikuwa juu ya mabega ya wanaume wawili, kofia imeanguka, anacheka, na sijawahi kumwona tena akicheka hivyo. Aliponiona aliniinulia ngumi. Sikuweza kuufungua mdomo wangu. Angeusoma, na ningesema nini?

Robo saa nzima tulikuwa mabingwa wa kutoshuka. Mimi peke yangu nilijua, nikasimama katikati ya furaha ile kama mtu aliyeingia harusini na habari ya msiba. Kisha wachezaji wakatokea kwenye njia ya chai, mmoja mmoja, wameinama, na mbele yao dereva wa trekta. Ngoma ya vikapu ikapungua, ikafa. Mtu akauliza vipi. Dereva akasema vipi nini, tumefungwa, nimewaambia.

Wakamshusha baba. Hawakumwangusha, walimshusha taratibu, nikaona miguu yake inatafuta ardhi.

Afisa utumishi hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa kutaka kujua jambo lilivyokwenda. Aliuliza, huku bado anawatazama wachezaji na amempa baba kisogo.

"Mzee, wewe ulisikiaje?"

Baba hakujibu. Hakujua kwamba ameulizwa. Alikuwa anazungusha macho kwenye nyuso za watu, mdomo huu, mdomo ule.

"Mzee," alirudia, akaanza kugeuka. "Nakuuliza. Ulisikiaje?"

Macho ya baba yakanifikia. Yalinishika mdomoni kama yalivyozoea, yanangoja nimpe neno. Watu wengi walikuwa wanamtazama yeye, na faili la bluu lilikuwa kwapani mwa afisa.

"Mimi ndiye niliyesema tumefunga," nikasema. "Ulimi uliteleza. Mzee kapeleka nilichompa."

Nililisema kwa midomo iliyofunguka vizuri, ili na yeye alipate. Alilipata. Nikaona uso wake ukibadilika, na akatazama chini.

Halafu mama mmoja mchuma chai, mtu wa Isongole asiyeshindwa na neno, akauliza kwa utaratibu, "Kwani ile w umeipeleka wapi?"

"Kaimeza," mtu akamjibu.

"Basi mpeni maji ishuke."

Walicheka. Kicheko cha watu waliokwisha kushindwa, wanachotafuta ni pa kukitua. Mwingine akasema miaka minne ya sekondari, herufi moja ikamshinda, bora wangemweka ng'ombe. Afisa utumishi naye alitabasamu, akatikisa kichwa, akafungua mlango wa pikapu. Baba alivaa kofia yake na kurudi ndani kuwasha upya mashine iliyozimika.

Nyumbani jogoo alikuwa ameshachinjwa. Mama alisikia king'ora, akajua maana yake ni moja tu, akamkimbiza jogoo wetu wa pekee mpaka akamkamata. Tulipoingia alikuwa chunguni anachemka, nyumba nzima inanukia. Mama alituangalia nyuso, mimi kisha baba. Hakuuliza matokeo.

"Ulisimama wapi?" akaniuliza.

"Nilishuka kidogo."

"Mma," alisema, neno letu la kukataa, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akageukia chungu.

Tukakaa kula. Firigisi ni ya baba, kwetu haijadiliwi, na mama alimwekea juu ya ndizi zake kama kawaida. Baba aliitazama kwa muda. Kisha akaichukua kwa vidole, akaipitisha juu ya meza, akaiweka kwenye sahani yangu. Hakuniangalia. Aliendelea kula ndizi zake. Niliitafuna ile firigisi muda mrefu, ilikuwa ngumu, jogoo alikuwa mzee. Hatukuzungumza habari ile usiku ule wala siku iliyofuata, na miaka ilipita hatujaizungumza.

Orodha ya pili ilitoka. Baba hakuwemo. Alifanya kazi misimu miwili zaidi ya chai, kisha wakaondoa zamu nzima ya jioni, wenye masikio na wasio na masikio, wakaenda wote siku moja. Hesabu ya uongo wangu ni hiyo, misimu miwili. Nimewahi kufikiri ni kidogo. Nikiwa Morogoro, chumbani peke yangu, nilifikiri ni mingi. Sasa sifikirii, naikumbuka tu.

Timu ilivunjwa mwezi uleule wa mechi. Nguzo za goli zilitumika kujengea banda la mbolea. Uwanja ukapandwa chai, na kwa kuwa miche ilikuwa michanga, kwa miaka kadhaa mtu akipita juu barabarani aliweza kuuona mstatili wake, kijani chepesi ndani ya kijani kizito. Baadaye ikashikana yote.

Mimi nikabaki na swali. Stendi ya Tukuyu, sokoni, kwenye magari ya Kiwira, mtu ambaye hata simjui alinisogelea na uso wa mtu anayetaka habari muhimu: samahani kaka, tumefunga au tumefungwa? Kantini ya kiwanda ilipofungwa, mpishi aliyebaki aliandika mlangoni kwa chaki TUMEFUNGA. Kesho yake mtu alikuwa ameongeza w kwa mkaa, na watu wakanielekeza kidole, eti ndiko ilikokuwa imejificha. Ningeweza kucheka nao. Wakati mwingine nilicheka. Sitasema niliondoka kwa ajili hiyo, miguu yangu haikuwahi kutulia tangu utoto. Lakini siku nilipopanda gari la Mbeya na begi langu, kondakta aliuliza swali lile lile, na nilifurahi mlango ulipofungwa.

Nimerudi mara nyingi, siku mbili tatu, kisha naondoka. Mama alifariki nikiwa Tunduma. Baba amekuwa mzee kabisa. Hasikii kitu, na hivi sasa hana wa kumficha, kila mtu anajua kuwa yule mzee ni kiziwi, ni uzee, ni kawaida. Hakuna anayeuliza ulianza lini.

Mwaka huu nilikuja masika. Jumamosi mchana baba alinishika mkono akaniambia twende mpirani. Mpira siku hizi ni banda la mabati karibu na stendi, mabenchi, televisheni mbili, na timu za mbali ambazo kila mtu anazisema kama za kwao. Baba ana timu yake humo, sikuwahi kujua. Ina jezi ya bluu na haijashinda kitu miaka yote tuliyokaa hapa duniani, na nilipoitazama kidogo nikaona kwamba mimi na yeye tumezaliwa na ugonjwa mmoja. Anakaa benchi la mbele. Anasema mchezo wa kwenye televisheni umemfaa kwa sababu hauna ukungu na mtangazaji hahitajiki.

Nyuma yetu alikaa yule mlinzi aliyefungulia king'ora. Naye amezeeka, ana mkongojo. Timu ya baba ilikuwa nyuma goli moja. Wakapiga mpira, ukagonga mwamba wa goli ukadondoka mstarini, na banda zima likasimama kubishana kama umeingia au haukuingia. Mlinzi akanigonga begani na mkongojo wake.

"Mnabishana nini na mtaalamu yupo," akawaambia vijana. "Mwulizeni huyu. Tumefunga au tumefungwa?"

Walicheka wote, hata wasiokuwa wamezaliwa siku ile. Wanaijua. Wameirithi.

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nimezoea, nilipomwona baba amegeuka. Alikuwa anautazama mdomo wa mlinzi. Alikuwa ameliona swali zima, herufi kwa herufi. Akashika benchi, akasimama, na sauti ikatoka, ile ile, haijazeeka hata kidogo, ikaizidi televisheni.

"Alisema tumefungwa. Huyu alisema vizuri. Masikio ndiyo yalikuwa mabovu, na yalikuwa yangu."

Banda zima likageuka. Miaka yote ile, na nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nangoja.

Mlinzi alimtazama kwa huruma. Akainuka kidogo, akampigapiga baba mgongoni. "Mzee wetu," akawaambia wengine, "anamtetea mwanawe mpaka leo. Baba ni baba jamani."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema Mungu amzidishie mzee umri. Baba alikuwa anawatazama midomo, huyu na huyu, wote wanasema maneno mazuri, na nikaona anaelewa kwamba hawajamwamini. Akafungua mdomo tena. "Nilikuwa sisikii," alisema, "hata wakati ule," lakini vijana walikuwa wamekwisha kurudisha macho kwenye televisheni kwa sababu mpira ulikuwa umefika upande wa pili na unapigwa kona, na mtu wa nyuma akamwomba kwa adabu akae, anaziba.

Akakaa. Aliibana mikono yake katikati ya magoti. Macho yake siku hizi nayo yanachoka, namba za jezi hazioni.

"Kona ya nani?" akaniuliza.

Nikasogea mpaka uso wangu ukawa mbele ya uso wake. "Yao."

Ikapigwa. Banda likapiga kelele, nusu furaha nusu laana, na baba hakuigeukia televisheni. Alikuwa ananitazama mimi. Nikaikusanya midomo kama mtu anayepuliza moto uliogoma, nikalisema taratibu, lote, mpaka mwisho.

"Tumefungwa."

Akainamisha kichwa kidogo, limefika. Kisha akauliza zimebaki dakika ngapi.